Samaki wa Mbegu

Wathome alikuwa mvuvi katika bwawa la Masinga, upande wa Ndithini. Mkewe, Munyiva, alipasua samaki, akawakaanga na kuwauza sokoni. Watoto wao walikula na kusoma kwa kazi hiyo.

Mwaka wa 1999 mvua ilikataa. Mwaka uliofuata ikakataa tena. Maji yakarudi nyuma, lakini ajabu, wavu wa Wathome ulijaa kuliko zamani. Wavuvi wakasema kiangazi kimezaa samaki. Basi Wathome akanunua wavu wa matundu madogo, akaukokota hadi penye maji ya magoti. Hakubakisha hata samaki wa ukubwa wa kidole.

Haikuchukua muda, wavu ukaanza kutoa matope tu. Wathome akafunga begi aende Athi River kutafuta kazi ya kiwanda. Munyiva alimwambia wazi kwamba anaogopa kulea watoto peke yake.

Kabla hajaondoka, afisa wa samaki, Bwana Erastus, alipita kwao. Munyiva akamuuliza jambo lililomsumbua. Alipokuwa akipasua tilapia, alikuta samaki wadogo mdomoni mwa samaki huyo. Je, tilapia walikuwa wanakula wenzao?

"Hapana, mama. Hao ni watoto wake," Erastus alisema. "Huwalea mdomoni. Ukimkaanga yeye, umewakaanga na wao."

Akaeleza kwamba samaki hawakuongezeka. Maji ndiyo yaliyopungua, wakabanana. Tena siku hizi kiangazi kinarudi haraka, kwa hivyo bwawa halipati nafasi ya kupumzika.

Wathome alitazama juu ya jiko. Mahindi ya mbegu yalikuwa yananing'inia kwenye moshi. Watoto walikuwa wamelala njaa wiki hiyo, na hakuna aliyeyagusa.

"Kumbe tumekula mbegu," alisema polepole.

Hakwenda Athi River. Yeye na wenzake walikubaliana kutovua kwenye maji ya kina kifupi, mahali samaki wanapozalia. Nyavu za matundu madogo zikawekwa kando. Wengine walinung'unika sana, na kusema kweli, miezi hiyo ilikuwa migumu. Munyiva aliuza mboga.

Mvua iliponyesha, maji ya bwawa yakapanda na samaki wakarudi kidogo kidogo. Asubuhi moja Wathome alinasa tilapia mnene, mdomo umefura. Akamshusha majini taratibu, kisha akaendelea na kazi. Lile begi la Athi River lilikuwa mtumbwini, limejaa maboya ya wavu.