Wimbo Usio na Sita

Kila asubuhi Chiriku alitandika kitanda, akanywa chai, akaenda shule. Jina hilo alilipata kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Lakini tangu bibi yake azikwe, miezi miwili iliyopita, mdomo ulikuwa umefunga duka. Hakulia. Alikula kwa kuwa sahani imewekwa mbele yake, basi.

Siku moja mwalimu wa muziki aliwapa wanafunzi wa filimbi kazi: kila mmoja atunge wimbo kwa dadu.

"Rusheni mara arobaini. Moja mpaka tano ni sauti tano za filimbi. Sita ni kimya: unashusha filimbi, unahesabu pigo moja. Andikeni kinachoanguka. Msichague."

Nyumbani, Chiriku alirusha mara tatu. Sita, mbili, sita. Akaitazama ile sita. Nyumba nzima ilikuwa kimya tayari. Akaitia dadu mfukoni, akajiandikia namba za kichwani: tatu, moja, nne, mbili, tano...

Kesho yake mwalimu alisoma karatasi, akamwita kando.

"Mwanangu, dadu yako ina nyuso ngapi?"

"Sita, mwalimu."

"Mbona sita haimo? Tena hakuna namba iliyojirudia mfululizo. Dadu haina adabu kiasi hicho."

Chiriku angeweza kubuni sababu, lakini hata uongo ulimchosha. "Nilijitungia tu. Sikutaka kimya. Kwetu kipo cha kutosha."

Mwalimu hakugomba. Akampa dadu nyingine. "Rusha. Mimi naandika."

Alirusha mara arobaini. Nne ilikuja mara tatu mfululizo. Karibu na mwisho, sita ikafuatana mara nne.

Akapiga wimbo huo mbele ya darasa. Alipofika kwenye zile sita, akashusha filimbi, akahesabu. Moja. Mbili. Hakuna aliyecheka. Kwenye pigo la tatu macho yakamjaa machozi, mara ya kwanza tangu mazishi. Akangoja la nne, kisha akapuliza. Sauti ilitoka ikikwaruza, lakini ilitoka.

"Bibi angesema nina mafua," alinong'ona, machozi yakimtiririka.

Mwalimu akamshika bega. "Leo umepiga wimbo wa kweli. Usiruke lisilokupendeza, mwanangu. Unaweza kuliacha nje ya karatasi, lakini moyoni litabaki. Lipe nafasi yake, ndipo utaweza kuendelea."