Aliyezima Kijiko

Walianza kwa kugombana. Ukumbi wa shule ulifurika watu waliookoka ghorofa lilipoporomoka, na soketi ya kuchajia simu ilikuwa moja tu. Msusi, mwanamke wa blauzi ya njano iliyogeuka kijivu kwa vumbi, alikwenda kunywa maji. Aliporudi, alimkuta mwanamume mrefu, ovaroli imemkaukia tope, amechomoa chaja yake na kuchomeka ya kwake.

"Nani kakuruhusu?"

"Simu yako imejaa, dada. Na wengine wana shida."

"Mdogo wangu yuko chini ya kifusi na simu yake. Akipiga akakuta yangu imezima, utamjibu wewe?"

Mwanamume alichomoa chaja yake, akarudisha ya msusi. Kisha akabaki pale akiilinda soketi, akimkaripia kila aliyeisogelea.

Mdogo mtu hakupiga. Alitolewa amefariki, bado kavaa aproni ya saluni waliyoifungua pamoja.

Msibani yule mwanamume alitokea. Hakumwambia ajikaze, wala kwamba yote ni mapenzi ya Mungu. Alibeba mabenchi, akasugua masufuria, akaondoka. Msusi, aliyekuwa amewafokea wafariji wote, alishangaa kujikuta anamtafuta kwa macho. Alipomwona tena alimwomba namba ya simu kwa sauti ya kumdai. Tangu hapo akawa anapigiwa kila asubuhi, swali ni lile lile.

"Umekula?"

"Kwani wewe mama yangu?"

"Kula, Kisirani."

"Nitakula nikitaka, Mbishi."

Mapenzi yakaingia humo humo, katikati ya kejeli. Msusi alijua tu kwamba Mbishi ni dereva. Wa gari gani, hakuuliza, naye hakusema.

Siku alipomkaribisha nyumbani, Mbishi alikuja na shati jeupe lililonyooshwa pasi mpaka kola. Mjomba wa msusi, aliyekesha kwenye kifusi tangu jengo lianguke, aliweka kikombe chini.

"Huyu kafuata nini hapa? Huyu ndiye aliyezima kijiko, ile mashine ya kufukua. Tulimsihi aendelee, akakaa kimya kama hatusikii. Mwenetu yuko chini, na yeye kazima."

Msusi alimgeukia Mbishi, akingoja akane.

"Ni kweli," alisema. "Lakini..."

"Toka."

"Nisikilize kwanza."

"Toka kabla sijakumwagia hii chai."

Alitoka. Msusi akaifungia namba yake, akamsema vibaya hata mbele ya wateja huku akiwavuta nywele mpaka wakalalamika. Hasira ilimshibisha kuliko chakula. Lakini hasira nayo humtaka aliyeiwasha, na mwishowe akaenda hadi kwenye eneo la ujenzi alikofanya kazi Mbishi, akammalize kwa maneno.

Mbishi alipomwona alizima mashine, akashuka.

"Kwa nini ulizima siku ile?"

"Waokoaji walisikia mtu anagonga. Kelele zingeendelea wasingejua yuko wapi, na zege lingemwangukia. Tukamtoa mzima. Ni fundi viatu."

"Mdogo wangu alikuwa upande gani?"

"Wa pili, ule niliokuwa nafukua."

"Ungeendelea kuchimba, angepona?"

Angeweza kumdanganya. Angesema binti alikufa papo hapo, na nani angembishia?

"Sijui," alisema. "Huenda. Kila nikipanda kwenye kile kiti najiuliza."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utanifukuza."

"Nimekufukuza."

"Ndiyo."

Msusi alimpiga ngumi kifuani, akampiga tena, mpaka mikono ikamlegea. Mbishi hakurudi nyuma, wala hakujaribu kumkumbatia. Msusi akamwuliza huyo fundi viatu yuko wapi. Alipoambiwa bado kalazwa hospitalini, akasema, "Nipeleke." Moyoni alitamani, na akaona aibu kutamani, amkute mtu asiyestahili kupona.

Walimkuta mzee mkali, mguu kwenye plasta, anagombana na muuguzi kuhusu uji. Hakuwa na mtu wa kumtembelea. Majirani zake wa kibandani walikuwa wamekufa. Alimtazama msusi kwa jicho la kuudhika, akauliza ni nani.

"Dada wa aliyebaki kule chini," msusi alisema, makusudi, ili imchome.

Ilimchoma. Mzee akajisogeza kwa maumivu, akaacha nafasi kitandani.

"Kaa, mwanangu. Niambie alikuwaje."

Kati ya wote waliompa pole, hakuna aliyewahi kumwuliza hilo. Msusi alikaa. Akaeleza jinsi mdogo wake alivyoimba ovyo akisuka, alivyomwibia viatu na kuvirudisha vimepinda visigino, alivyowacheka wateja wakitoka tu. Mzee aliuliza, akacheka, akauliza tena. Uji ukapoa. Msusi akalia kwa sauti, kilio ambacho msibani kilikataa kutoka, na mkono mgumu wa mzee ukabaki juu ya wake.

Mbishi alikuwa bado amesimama kwenye korido.

"Bado nina hasira na wewe," msusi alimwambia.

"Najua."

"Na usinijibu najua, najua."

Msusi alitoa simu, akampigia mjomba wake.

"Mjomba, nakuja nyumbani na mtu. Unamfahamu."

Sauti ya upande wa pili ilipanda mpaka Mbishi akaisikia pale aliposimama. Msusi aliingoja iishe.

"Sawa, mjomba. Usimsalimie. Lakini kiti utampa."