Rangi Niliyopaka Kwenye Gari la Mwalimu

"Wewe ndiye ulitengeneza gari la mume wangu?"

Mwanamke huyo sikuwa nimewahi kumwona. Ilikuwa Jumapili asubuhi, kwa shangazi yangu hapa Kitale, na viatu vyake vilijaa matope.

"Gari gani, mama?"

"La Mwalimu Kipkosgei. Jana jioni lilizima kwenye mteremko wa Kamukuywa. Taa, injini, waipa... kila kitu kwa mara moja. Na nyuma kulikuwa na lori la miwa."

Niliweka kikombe cha chai chini.

Aliitwa Chepkorir. Alisema mwalimu aliliingiza gari mtaroni ili lori lipite, akavunjika mguu. Sasa amelazwa Bungoma, na gari limevutwa hadi Kanduyi, kwa Mzee Khisa.

Niliposikia jina hilo nilishusha pumzi. Nikajua nimepata wa kulaumu.

Mnaofuata ukurasa huu wa Facebook mnamkumbuka Khisa. Ndiye fundi niliyemcheka hapa wiki tatu zilizopita. Mwalimu aliniletea gari lake la mwaka wa tisini na mbili nilikague. Chini ya boneti nikakuta Khisa amekwaruza bodi hadi chuma kikabaki uchi, akafunga hapo waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye betri, kisha akaupaka grisi nyeusi. Nikapiga picha. Nikaandika, "Hii ndiyo kazi ya watu wasiosoma."

Mlicheka sana. Nami nikafuta grisi, nikapaka rangi ya buluu ya kuzuia kutu, nikaurudisha waya juu yake. Ikapendeza kweli, nikaipiga picha nayo nikaiweka hapa.

Si nina digrii ya umeme, bana?

Tulipofika Kanduyi mimi na Chepkorir, Khisa alinisalimia na kunipa kiti. Sikukaa. Nilimwambia Chepkorir, mzee akisikia, kwamba kazi ya kubahatisha huua watu. Kisha nikatoa mita yangu ya kupimia umeme.

Betri ilikuwa nzima. Fyuzi zote nzima. Waya za altaneta, ile inayochaji betri, zilikuwa mahali pake. Lakini ukizungusha ufunguo... hata taa moja haikuwaka. Nilihangaika karibu saa nzima, shati likalowa mgongoni.

Khisa alimaliza chai yake. Akachukua waya mmoja mnene, akabana ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bodi, akamwomba Chepkorir awashe.

Gari likanguruma.

Akauchomoa ule waya. Kimya.

Ndipo akafungua bolti ya athi. Chini yake palikuwa na buluu yangu, bado inang'aa.

Rangi haipitishi umeme. Nilifundishwa hilo mwaka wa kwanza. Wiki tatu umeme ulikuwa ukipenya kwenye nyuzi za bolti tu, hadi mashimo ya barabara yakailegeza.

"Nani alipaka hii rangi?" Chepkorir aliuliza.

Nilitazama viatu vyangu.

"Gari ni la zamani, mama," Khisa akasema. "Vitu huchoka."

Alikuwa ananifunika. Na mimi nikamwacha anifunike... Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote ninayoandika hapa.

Chepkorir alipoondoka kwenda hospitalini, nilimuuliza mzee kwa nini amenisitiri. Alitoa simu yake, kioo kimepasuka, akanionyesha ujumbe aliotuma kwa namba yangu ya ukurasani siku ile ile ya picha.

"Kijana, nimeona picha. Matusi si kitu. Lakini toa hiyo rangi chini ya athi kabla mwalimu hajaenda mbali."

Aliutuma mara tatu. Haukunifikia hata mmoja. Alikuwa amenipigia simu kwanza, nikadhani anataka ugomvi, nikamblock.

"Nifanye nini, mzee?"

"Mwambie mwalimu mwenyewe. Kesho kabla ya saa sita, uso kwa uso. Si kwa hiyo Facebook yako."

"Nitamwambia."

"Umeniahidi?"

"Nimekuahidi."

Kitu ambacho mzee hakujua ni kwamba mwalimu ndiye aliyeniandikia barua ya kunipendekeza kwa chuo kimoja cha ufundi, nifundishe umeme. Jumanne walikuwa wanaamua. Nilikuwa nimesubiri kazi miaka miwili. Ningenyamaza siku moja tu, ningeipata.

Jumatatu saa tano nilisimama kando ya kitanda cha mwalimu. Mguu ulikuwa kwenye plasta. Aliponiona alitabasamu, akamwambia mgonjwa wa jirani, "Huyu ndiye injinia wangu."

Nilimweleza yote. Rangi, picha, ujumbe wa Khisa, hata vile nilivyonyamaza mbele ya mke wake.

Aliomba simu yake, akapiga chuoni nikiwa nimesimama pale, akasema anaondoa barua yake.

"Wabwile," akaniambia, "siwezi kuwapelekea watoto wa watu mwalimu asiyesikia."

Alisema kweli.

Ndugu zangu, kabla hujacheka kazi ya mtu, muulize kwa nini ameifanya hivyo. Na ukimtukana mtu, angalau pokea simu yake. Huenda anakupigia kwa ajili ya uhai wa mwingine.

Nilitoka nje, nikaifungulia namba ya Mzee Khisa. Ilikuwa saa tano na nusu.

Nikamwandikia: "Nimemwambia."