Jina Lililochukuliwa Mchana

Haya yalimpata rafiki yangu Hsiu-wen, fundi wa kompyuta katika mji wa Hsinchu. Ofisini kwao, baada ya chakula cha mchana, taa huzimwa na kila mtu hulalia meza yake. Siku hiyo Hsiu-wen hakulala, wala chakula hakukigusa.

"Kula basi, dada," alinong'ona jirani yake Pei-jung. "Au unangoja kulishwa?" Kisha naye akalala.

Hsiu-wen alikuwa akitafuta jina la huduma mpya ya mtandaoni, na majina hayo hayarudiwi dunia nzima. Gizani, feni ikikoroma pamoja na watu, aliandika amri ya kuulizia kama kuna aliyekwisha kulichukua jina la mwanawe aliyezaliwa mfu majira ya baridi yaliyopita. Jina hilo hakuwahi kumtajia mtu, hata baba wa mtoto.

Kompyuta ikajibu kwamba jina liko wazi.

Alilia kimya kimya, akajifuta machozi, akauliza tena ili alisajili. Safari hii akajibiwa kwamba limeshachukuliwa.

Akafungua anwani yenye jina hilo. Ukurasa ulikuwa mweusi, na katikati yake maandishi madogo meupe:

"Mama, umeshakula?"