Utepe Mwekundu kwenye Fremu ya Tata

Kila Jumamosi, akishaosha vyombo na kufagia uani, Gathoni alikimbilia kwa shangazi yake, Tata Waceke, pale Kamenu. Tata alitarizi foronya na vitambaa vya viti, akivibana kwanza kwenye fremu za mbao. Gathoni naye alikuwa fundi wa maswali.

"Tata, hizi fremu ni mbao laini. Mbona tunazivisha nguo kama watoto?"

Tata alicheka. Alichukua pete mbili za mbao zinazoingiana, akaanza kuizungushia ile ya ndani utepe mweupe wa pamba, kila mzunguko ukiulalia kidogo mwenzake. "Mbao tupu huteleza, kitambaa kikalegea na mshono ukajikunja. Haya, malizia hizi nyingine. Utepe nimeuchemsha, uko kikapuni."

"Umeuchemsha kwa nini?"

"Msichana wewe! Nitakueleza nikitoka sokoni."

Gathoni alizungusha utepe kwa makini, akashona ncha zake. Kisha akaona kikapuni kipande kipya cha kitambaa chekundu. Je, chekundu kingeshika vizuri zaidi? Alishindwa kujizuia. Alikichana, akaivisha fremu ya mwisho, akabana ndani yake foronya ya Idah, jirani yao aliyekuwa anaolewa Jumatatu. Aliinyunyizia maji ili ikaze, kama alivyozoea kumwona Tata akifanya.

Kisha akaifungua. Duara jekundu lilikuwa limejichora katikati ya foronya nyeupe pepe.

"Ngai! Idah atalala wapi sasa?"

Binamu yake Macharia alichungulia. "Ikunje, uiweke chini kabisa kikapuni. Ikikauka tutaipiga pasi. Nani atajua?"

Gathoni aliikunja kweli. Lakini alimfikiria Idah akiifungua mbele ya mashemeji, machozi yakamlenga. Aliposikia viatu vya Tata mlangoni, aliikunjua tena.

"Tata, nimeiharibu. Nilitaka kuona utepe mwekundu utafanyaje."

"Ala! Foronya ya bibi harusi!" Tata aliinyakua, uso umemkunjamana. Akaipapasa. "Bado mbichi. Leta maji baridi, upesi! Na sabuni!"

Waliisugua, wakamwaga maji mekundu, wakateka mengine, mpaka maji yakabaki meupe na mikono ya Gathoni ikafa ganzi. Jioni foronya ilikauka kwenye kamba, safi kabisa. Gathoni aliigeuza huku na huku akitafuta lile duara.

"Usihangaike, limetoka," alisema Tata. "Kitambaa kipya huchuja rangi na uchafu kikilowa, ndiyo maana hata utepe mweupe nauchemsha kwanza. Na rangi mbichi hutoka kwa maji. Ungeificha ikapigwa pasi, hata mimi ningeshindwa, na Idah angelalia kosa lako miaka yote. Umefanya vyema kusema mapema."

Gathoni aliinama. "Basi nisiulize tena, Tata?"

"Uliza kutwa kucha, mwanangu, sichoki. Lakini ukitaka kujaribu, jaribu kwa kitambaa chako, si kwa cha bibi harusi."