Matonge Mawili Yaliyobaki

"Fungua mdomo basi, Beza. Watu wanatuangalia."

Surafel alikuwa amelikunja tonge vizuri, mkate laini wa injera na kipande cha kuku kilicholowa mchuzi mwekundu, na mkono wake ulikuwa umeshafika karibu na midomo ya mchumba wake. Wahabeshi kumi na mmoja walikuwa wamezunguka sinia moja chumbani kwake, ghorofa ya nne ya bweni la wavulana, Wuhan, China. Ilikuwa Timkat, sikukuu yetu ya ubatizo, na unga wa teff wa kupikia injera ulikuwa umetoka kwao Dessie, Ethiopia, kwenye begi.

Kwetu, mtu akikulisha kwa mkono wake hukatai. Anakulisha tonge la kwanza, la pili na la tatu, ndipo mnahesabiwa kuwa mmelishana. Na kama mlishaji ni mchumba wako, ambaye mama yake ameshachagua wazee watatu wa kwenda kwa baba yako kukuposa, kukataa ni kumvua nguo hadharani.

Bezawit akageuza uso.

"Niwekee kwenye sahani. Nitakula mwenyewe."

Mikono ikasimama juu ya sinia.

"Sahani?" Surafel akauliza. "Mimi nikuwekee kwenye sahani kama mgeni?"

"Profesa wangu kanitumia ujumbe asubuhi. Mume wake ni daktari. Anasema huu ugonjwa wa mapafu unaambukizwa mtu kwa mtu. Tusile pamoja, tusijazane chumba kimoja."

"Kwa hiyo mimi nina ugonjwa."

"Sijasema hivyo, Sura."

"Hukuhitaji kusema."

Tonge akalila mwenyewe, kwa hasira, mpaka likamkaba. Tariku, mwenzake wa chumba, kijana mpole mwenye pumu, akajaribu kuleta mzaha, ukadoda. Beza akavaa barakoa yake na kutoka. Alipofika kwenye ngazi akalia, maana alimpenda yule mwanaume kuliko alivyowahi kumwambia.

Siku tatu baadaye jiji zima likafungwa. Treni zikasimama, milango ya mabweni ikapigwa minyororo, na chakula kikawa kinaachwa mlangoni ndani ya maboksi. Hakuna aliyemwomba Beza msamaha. Mtu akiwahi kuwa sahihi, sisi humnunia.

Chuo kikataka kila nchi itoe mtu mmoja wa kukusanya vipimo vya joto la mwili vya wenzake kila asubuhi kabla ya saa mbili. Wahabeshi wakamchagua Beza, nusu kwa kumwamini, nusu kwa kumkomoa. Anaogopa ugonjwa, wakasema, basi aushughulikie.

Surafel alikuwa hapokei simu zake wala hajibu ujumbe. Lakini asubuhi ilikuwa lazima atume namba kama wengine.

"36.4"

Basi hiyo ndiyo ikawa salamu yake. Beza aliingoja kabla hata ya kunywa chai. Ikiingia, moyo unatulia. Kesho yake ikaja tena, 36.4. Na keshokutwa. Siku ya nne mfululizo ilipoingia 36.4, Beza akaweka kikombe chini. Alikuwa anasomea uhandisi wa maji, na siku zote alishinda na vipimo. Namba za wenzake zilipanda na kushuka, leo 36.2, kesho 36.7. Yake haikutikisika.

Akampigia simu ya video. Ajabu, safari hii akapokea. Alikuwa amejifunika blanketi juu ya koti, na nyuma yake kipasha joto kilikuwa kinawaka.

"Unasikia baridi?" Beza akauliza.

"Kuna baridi huku."

"Chukua kipimajoto. Pima nikiona."

"Nimeshatuma namba yako. Unataka nini tena?"

"Pima, Sura. Nakuomba."

Alikataa, akabisha, akataka kukata simu. Mwishowe akakiweka kwapani. Kilipolia, akakigeuza polepole kwenye kamera.

38.7.

"Tangu lini?"

"Siku nne."

"Tariku anajua?"

"Nimemwambia ni mafua tu."

"Tariku ana pumu! Mnalala umbali wa hatua tatu, na wewe unamwambia mafua?"

Surafel akafumba macho. Sauti yake ikawa ndogo.

"Wazee wanaenda kwenu Jumapili. Mama akisikia nimebebwa kupelekwa hospitali, atawazuia. Na baba yako hatampa binti mtu anayehesabiwa marehemu. Nipe siku tatu tu. Wakishaposa, nitajipeleka mwenyewe."

"Siku tatu ni nyingi."

"Na naogopa, Beza. Kule nitalala sijui kitanda gani, kila mtu kajifunika uso, naitwa kwa namba. Nikifa, hakuna atakayejua kunililia kwa lugha yetu. Kama unanipenda, andika 36.4."

Ombi lilikuwa dogo hivyo, kubadilisha tarakimu chache. Beza aliiangalia ile karatasi ya majina ya kutuma chuoni, akamwona mwanaume wake akitetemeka ndani ya blanketi, akamfikiria na Tariku amelala hatua tatu, dawa yake ya kuvuta chini ya mto.

"Nakupenda," akasema. "Ndiyo maana naandika 38.7."

"Ukituma hiyo, usinipigie tena."

Akatuma.

Haikupita saa nzima, akiwa dirishani, akawaona watu wenye mavazi meupe wakimtoa Surafel na kibegi kidogo. Alipofika kwenye gari akatazama juu, dirishani kwake. Hakupunga mkono. Tariku naye akahamishwa peke yake, akapimwa, akakutwa ameshaambukizwa, akaanza kutibiwa siku hiyohiyo.

Mchana simu ikaita kutoka Dessie. Ilikuwa ni Weizero Tiruye, yaani Bi Tiruye, mama yake Surafel.

"Ulikataa kulishwa na mwanangu. Sasa umemtoa kwa watu wasiomjua."

"Mama, alikuwa na homa kali. Ilibidi atibiwe."

"Usiniite mama. Wazee hawaji kwenu, Jumapili hii wala nyingine."

Beza alijifunika shuka mpaka kichwani na kulia hadi jioni.

Kesho yake akamwandikia Surafel. Kuomba msamaha hakuweza, kwa sababu hakuwa amekosea. Akatuma kile alichokuwa nacho.

"36.6. Beza."

Ujumbe ulisomwa, haukujibiwa. Akatuma tena siku iliyofuata. "36.5. Beza." Profesa wa Beza aliulizia hadi akajua Surafel yuko hospitali gani, kitanda cha kumi na saba, na kwa ombi la Beza akawaomba wauguzi wamwite kwa jina, si kwa namba. Siku ya tisa Beza akaambiwa Surafel amewekewa oksijeni. Kuanzia hapo ujumbe wa Beza haukuwa unasomwa hata kidogo. Aliendelea kutuma. Siku nne alipima, akaandika, akatuma.

Siku ya tano, anapiga mswaki, simu ikatikisika kwenye ukingo wa beseni.

"37.9. Wananiita Sura. Nani aliwaambia?"

Beza akakaa chini sakafuni na mswaki mdomoni, akalia kama mtoto. Kisha akajibu, "36.6. Mtu mmoja tu."

Tangu hapo wakawa wanaandikiana hivyo. 37.4. 36.5. 37.0. 36.6. Wapenzi wengine hutumiana maua na nyimbo, hawa walitumiana tarakimu, na sijui kama kuna barua ya mapenzi iliyosomwa kwa hamu zaidi.

Tariku alitangulia kupona. Alimweleza mama yake kila kitu, pamoja na maneno ya daktari kwamba kwa pumu yake, angechelewa siku mbili tu asingevuka. Mama yule anakaa mtaa mmoja na Weizero Tiruye. Akavaa shela lake jeupe, akaenda, akasimama kizingitini na kukataa kahawa.

"Msichana uliyemfukuza ndiye aliyemrudisha mwanangu," akamwambia. "Na wako pia. Nitakunywa kahawa yako siku wazee watakapokwenda."

Miti ya chuoni ilikuwa imeshachanua Surafel aliporudi, na hapo alikuwa amemaliza karantini na kupimwa mara mbili hana kitu. Mabweni bado yalikuwa hayaingiliani. Walikutana mchana kwenye uzio wa waya unaotenganisha yadi mbili. Alikuwa amekonda, suruali imeshikwa na mkanda tu. Mkononi alishika bakuli lenye mfuniko.

Beza akapitisha kipimajoto kwenye waya bila kusema neno. Surafel akacheka, akakiweka kwapani, wakangoja.

36.4.

"Safari hii ni ya kweli," akasema.

"Naona."

"Ule ujumbe wa kila asubuhi... Nilikuwa nimekasirika, Beza, lakini nilikuwa nausubiri. Nilipozinduka, nilikuta wa siku nne. Nikajua kuna mtu ananingoja. Nilikosea. Kwako, na kwa Tariku zaidi."

"Nililia sana, Sura."

"Najua. Nisamehe."

"Nilishakusamehe ulipokuwa 37.9."

Akanawa mikono kwa dawa mpaka Beza akamuuliza kama anataka kuchubua ngozi. Kisha akafungua bakuli. Ilikuwa injera, ya unga wa mwisho wa Dessie. Akakunja tonge, akalipitisha kwenye tundu la waya. Safari hii Beza akashusha barakoa na kufungua mdomo.

Kabla hajameza, simu ikaita. Baba yake.

"Beza, kuna wazee wawili wamesimama sebuleni kwangu. Walikuwa waje watatu, mmoja wamemwacha nyumbani kwa ajili ya huu ugonjwa. Wamevaa barakoa, kila mmoja kona yake, na wanakataa kukaa mpaka niwajibu. Wametumwa na Tiruye. Mmoja ana goti bovu. Unasemaje?"

Beza akatafuna haraka, machozi yanamtoka.

"Mbona husemi? Unakula nini?"

"Nalishwa, baba," akasema mdomo umejaa. "Waambie wakae."

Surafel alikuwa ameshaanza kukunja la pili. Beza akapitisha vidole kwenye waya, akamshika mkono.

"Hayo mawili weka," akamwambia. "Utanilisha Dessie, mbele yao."