Mlima wa Waridi wa 2010

Kinusishi kilivuta pumzi, kikatulia kidogo, kisha kikapumua mwaka mzima.

Kwanza lilikuja vumbi la Haiti la mwezi wa Januari, nyumba zimelala chini na watu wanafukua kwa mikono. Likafuata jivu la volkano ya Aislandi, lile wingu lililofunga anga la Ulaya mwezi wa Aprili. Halafu moshi wa nyama nje ya viwanja vya Afrika Kusini, na mavuvuzela yakilia hadi wageni wakaziba masikio kwa vicheko. Mwisho walikuja wachimba migodi wa Chile, wakitolewa mmoja mmoja kutoka tumboni mwa ardhi, wakinukia jasho na machozi ya wake zao. Na katikati ya hayo yote, misiba na sherehe, wageni walitembea wakila bisi. Bisi, jamani! Mtu anatolewa kifusini mbele yako, nawe unalamba chumvi vidoleni.

Mashine yenyewe, hicho kinusishi, ilikuwa kubwa kama tangi la maji la shule, imening'inizwa chini ya dari ya Jumba la Miaka, mjini Naivasha, ambako kila mwaka wa zamani hujengwa upya kama maonyesho. Ndani yake mlijaa vichupa visivyohesabika vya harufu. Kompyuta yake ilisoma picha, video na magazeti ya zamani, ikakisia kila kitu kilinuka vipi, kisha ikachanganya na kupuliza. Chini yake walisimama watu wa miilinuru. Mwilinuru ni mtu aliyetengenezwa kwa nuru iliyoshikana kiasi cha kuguswa. Una joto, una uzito, na ukiukumbatia unakukumbatia. Kila mgeni alifungwa mkononi kipimahisia, bangili ndogo ya kupima moyo wake unavyodunda, ili wenye jumba wajue kipi kinauza na kipi hakiuzi.

Mhandisi wa harufu aliitwa Kerubo Nyang'au. Alikuwa stadi, hilo hakuna aliyelipinga. Alikuwa pia amechoka na kazi hiyo, na wageni wale. Lakini tuseme ukweli: ni yeye aliyetia vanila katika vumbi la Haiti. Waonjaji, yaani wageni wa majaribio wanaoingizwa kabla mwaka haujafunguliwa, walilalamika kwamba vumbi halisi linawasha koo. Akatia vanila. Wakaacha kulalamika.

Kivutio kikuu cha mwaka huo kilikuwa mlima wa waridi. Wingu la Aislandi lilipozuia ndege kuruka, maua yaliyokatwa Naivasha kwa ajili ya soko la Ulaya yalikosa pa kwenda, yakamwagwa kama takataka. Jumba liliujenga upya mlima ule, mwekundu, laini, unanukia kuliko bustani ya sultani. Wapenzi waligaagaa juu yake. Wengine walibusiana hadi mtu ukatamani kuwamwagia maji.

Kulikuwa na kikwazo kimoja tu, sheria ya shahidi. Mwaka haukuweza kufunguliwa mpaka mtu aliyeuishi apite ndani yake, kisha atamke neno moja: Ndivyo. Akisema Sivyo, jumba linapewa nafasi ya kurekebisha. Akisema Sivyo mara ya pili, mwaka unafungwa kabisa. Na ukipita, unapelekwa katika kila shule nchini, watoto wafundishwe kwa pua na macho. Watu wazima wa 2010 walikuwa wameshapukutika. Aliyekubali kuja alikuwa Bosibori, nyanya yake Kerubo, mama mzazi wa mama yake, mwenye umri uliopita themanini na ulimi ambao haujazeeka hata kidogo.

"Karibu, nyanya. Nishike mkono," Kerubo alimwambia mlangoni.

"Mkono wako wa nini? Miguu ninayo."

Mkurugenzi wa jumba, Bwana Kithure, aliwafuata kwa tabasamu. Waonjaji kadhaa walikuwa ndani tayari. Bosibori aliingia Haiti, akasimama, akanusa.

"Hii ni nini? Keki?"

Kerubo akatazama viatu vyake.

"Nakuuliza, Kerubo. Watu wamefukiwa, nanyi mnaoka keki?"

"Ni kwa ajili ya starehe ya wageni, mama," Kithure akadakia.

"Starehe!" Bikizee alilitema neno hilo kama mbegu chungu, akaendelea kutembea. Mavuvuzela aliyapita bila kugeuza shingo. Alipofika kwenye mlima wa waridi, kijana mmoja na mchumba wake walikuwa wamelala chali, wanajipiga picha.

"Tokeni hapo," Bosibori akasema.

Wale vijana wakacheka, wakidhani naye ni sehemu ya maonyesho.

"Nimesema tokeni hapo, mbwa nyinyi!"

Wakatoka. Bangili zao zilianza kumeta, maana mioyo ilikuwa imeshtuka. Bosibori akamgeukia mjukuu wake, na sauti yake ikawa ya chini.

"Nilifanya kazi katika shamba la maua, unajua. Kule, ukishikwa na ua moja, kazi huna. Walitupekua mlangoni mpaka ndani ya nywele. Sasa siku ile ndege haziruki, msimamizi akatuambia: kazi hakuna, nendeni nyumbani, na maua chukueni mtakavyo. Tulicheka, Kerubo! Tulibeba kwa leso, tukabeba kwa ndoo, mimi nilibeba kwa beseni la kumwogeshea mtoto. Nilikuwa na chumba kimoja cha mabati. Nikakitandika waridi mpaka pa kukanyaga pakakosekana. Nikamlaza Ombati wangu juu yake, nikamwambia, leo wewe ndiye mtoto wa tajiri. Mvua ilikuwa inanyesha, nikafunga dirisha."

Kerubo alijua kwamba mama yake alikuwa na kaka aliyefariki mchanga. Jambo hilo halikuzungumzwa kwao.

"Maua yale yalikuwa na dawa," Bosibori aliendelea. "Wale wapuliza dawa walivaa barakoa na glavu. Tulikuwa tunawaona kila siku! Lakini nani atafikiria sumu siku anayopewa maua bure? Ombati alikuwa ndiyo anaanza kutambaa. Kila alichoshika, mdomoni. Siku zote mwanangu alinukia maziwa, mafuta ya mgando na moshi wa stovu. Asubuhi iliyofuata alinuka dawa ya maua. Hospitali waliandika nimonia." Akanyoosha kidole kwenye ule mlima. "Nanyi mmeufanya kitanda cha fungate. Sivyo! Mnanisikia? Sivyo!"

Akautemea mate.

Kifyonzi, kijiroboti cha usafi, kilitoka ukutani mbio, kikayafuta mate na kusema kwa sauti tamu, "Samahani kwa usumbufu."

Hapo ungetarajia Bwana Kithure aone haya. Thubutu! Alikuwa anaangalia kioo cha vipimahisia, macho yamemtoka. Waonjaji walikuwa wamekusanyika kusikiliza, baadhi wanalia, na mishale yote ilikuwa imepanda juu kuliko ilivyopanda wakati wa fainali ya kandanda.

"Mama, Mungu akubariki," alisema. "Hiki ndicho tulichokikosa. Mwaka wetu haukuwa na moyo."

"Moyo gani?"

"Mtoto."

Bosibori alimtazama kama mtu anavyotazama funza kwenye nyama aliyokwisha kuila nusu. Akaondoka.

Kerubo alibaki kupigana. "Huwezi kumweka yule mtoto humu. Ni mjomba wangu."

"Kila neno linalosemwa ndani ya jumba ni mali ya jumba, unajua hivyo. Na kama ni mjomba wako, nani mwingine atamtengeneza vizuri?"

"Sitengenezi."

"Sawa. Nitamchukua mtoto wa ghala." Watoto wa ghala walikuwa miilinuru iliyotengenezwa kwa matangazo ya nepi, wanene, wanaochekacheka, wote wananukia sabuni ya lavenda. "Wageni hawatajua tofauti."

Kerubo aliingia maabara. Akanawa uso, akaketi. Angeweza kuacha kazi wakati ule ule, na wengi wetu tungependa kusema tungeacha. Lakini wazo la lavenda lilimkaba. Ombati, aliyekufa kwa harufu ya uongo, apewe harufu nyingine ya uongo? Alijiambia kwamba nyanya atasema Sivyo tena na mwaka utafungwa, hivyo mtoto atakaa pale kwa muda mfupi tu. Basi kwa muda huo mfupi, anuke kama yeye mwenyewe. Akafungua vichupa. Maziwa ya mama, yaliyochacha kidogo shingoni. Mafuta ya mgando. Mafuta ya taa yaliyoungua, na mabati yenye unyevu wa mvua. Akarekebisha, akanusa, akarekebisha tena. Alipokwisha, akautoa utamu wote kwenye mlima, akatia uvundo wa maua yanayooza na ile dawa kali inayokwaruza puani. Haiti nayo akaiondolea vanila. Hajawahi kufanya kazi safi kama hiyo, na aliichukia tangu mwanzo hadi mwisho.

Kisha akaenda kwa nyanya yake. Alimkuta jikoni, anachambua mboga.

"Umekuja kunibembeleza?"

"Nimekuja kukuonya. Wamemweka."

Vidole vya Bosibori vikasimama. "Wamemweka wapi?"

"Juu ya maua. Watu wanampakata."

Bikizee alizirudia mboga. Akachambua kwa nguvu, hata majani mazima akayatupa. "Wahenga walisema kufa kufaana, lakini hata wao wangeona haya. Nitakuja. Nitasema Sivyo nikiwatazama machoni, na mlango ule utafungwa, na yule mkurugenzi wako atafute kaburi lingine la kuuza."

Kerubo alipumua. Kuhusu vile vichupa, hakumwambia. Aliona aibu.

Siku ya ushahidi wa pili, waonjaji walikuwa wengi, wamepanga foleni kutoka kwenye mlima wa waridi hadi Haiti. Uvundo uliwafanya wazibe pua, lakini hakuna aliyeondoka. Mbele kabisa, mtoto wa mwilinuru alilala juu ya maua akilia. Ukimwinua, ananyamaza, anakushika kidole. Baada ya kitambo pumzi zake zinapungua, zinapungua, zinakwisha mikononi mwako. Kisha nuru inajikusanya upya, naye analia tena kwa ajili ya anayefuata. Kithure aliita sehemu hiyo kilele. Mwanamke mmoja alikuwa ametoka kumpakata, anapangusa machozi huku anamwambia mwenzake, "Lazima uone, ni tamu ajabu!" Hata shetani, nadhani, angesogea pembeni akatafute hewa.

Bosibori hakutazama kitu kingine njiani. Alifika, foleni ikampisha kwa heshima, maana ndiye shahidi. Alikuwa amekunja uso tangu mlangoni.

"Nipeni," alisema.

Wakampa. Mtoto akanyamaza, akamshika kidole. Bosibori alimtazama kwa ukali, kama anayetafuta kasoro, na kasoro zilikuwepo. Paji la uso halikuwa lake, masikio hayakuwa yake. Kompyuta ilikuwa imekisia tu. Kerubo aliona midomo ya nyanya yake ikijipanga kutamka lile neno.

Kisha bikizee akainamisha uso shingoni mwa mtoto, akanusa.

Hakuinua kichwa. Mabega yake yalishuka. Alinusa tena, kwa nguvu, na sauti ikamtoka ambayo Kerubo hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Mama?" Kithure aliita. "Ushahidi wako, mama."

"Ndivyo," Bosibori akasema ndani ya shingo ya mtoto. "Ndivyo, ndivyo."

Kithure akapiga makofi. Waonjaji wakapiga makofi. Kerubo alikuwa tayari ameshafika kwenye ngazi ya kinusishi, anapanda mbio, akaushika mkono wa kuzimia mashine.

"Nyanya, mweke chini! Siyo yeye! Ni vichupa tu, ni mimi niliyemchanganya! Nazima sasa hivi!"

"Najua ni wewe," Bosibori alijibu, na sasa aliinua uso, umelowa wote. "Ukizima, Kerubo, usiniite nyanya tena mpaka nife. Usithubutu."

Mkono wa Kerubo ukabaki pale pale juu ya chuma, hauvuti, hauachi.

Chini, pumzi za mtoto zilianza kupungua. Bosibori alimbembeleza, akamwimbia kitu kwa Kikisii, kwa haraka, kama anayekimbizana na mvua. Pumzi zikaisha. Nuru ikajikusanya, mtoto akalia upya, na kijana aliyekuwa mbele ya foleni akasafisha vidole vyake vya bisi kwenye suruali na kunyoosha mikono.

"Samahani, mama. Ni zamu yangu."

Bosibori akampa. Akajifuta uso kwa leso, akaipita foleni yote, Afrika Kusini, Aislandi, hadi mwisho kabisa, ambako msichana mmoja alikuwa amesimama peke yake.

"Wewe ndiye wa mwisho?" akamuuliza.